Urefu haufundishwi

Katika vyuo vikuu vya Marekani, kocha wa basketi anaweza kumfundisha kijana kurusha mpira na kulinda kikapu. Urefu hawezi kumfundisha. Ndiyo maana vijana warefu wenye kipaji wanagombaniwa, na vyuo vinavuka bahari kuwatafuta.

Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kinalijua jambo hilo. Zamani kilikuwa na miamba: Patrick Ewing, Alonzo Mourning na Dikembe Mutombo wetu, mzaliwa wa Kinshasa, mwenye mita 2.18. Ewing alirudi kama kocha mwaka 2017. Mwaka 2021 Qudus Wahab, kijana mrefu kutoka Nigeria, alihamia Maryland. Msimu uliofuata Georgetown ilipoteza michezo yote 19 ya ligi yake. Msimu huohuo, Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi aling'ara Kentucky, akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo. Naye alikuwa ametoka chuo kingine, West Virginia.

Mutombo hakuitwa kwa sababu ya basketi. Mwaka 1987 alifika kwa msaada wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alimchukua baadaye. Mwaka 1991 alitoka na diploma yake mkononi.

Basi mzazi mwenye kijana mrefu, awe mjini ao kambini, ajue kwamba vyuo ndivyo vinamhitaji mwanawe. Aulize: atasoma nini? Nani atalipa masomo? Akiumia goti, nani atamtunza? Na anayeomba pesa kabla ya safari, asiaminiwe.