Picha Saba, Kuku Mmoja

Picha zilikuwa saba, kuku alikuwa mmoja.

Nilikuwa maktaba, Dar es Salaam, Jumatatu mchana, napitia fomu za wiki nzima kutoka saiti ya nyumba ya mama, Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma mjini. Kila fomu ilikuwa na tarehe yake, Jumapili hadi Jumamosi, na kila moja ilikuwa na picha ya kijana wa fundi akimwagilia maji lenta. Katika picha ya tatu nikamwona kuku mwekundu juu ya rundo la mchanga, amekunja mguu mmoja. Nikarudi kwenye picha ya kwanza. Yupo. Nikaruka hadi ya saba. Yupo, na mguu ni uleule.

KoboToolbox, programu niliyoitumia, inaweza kurekodi kimyakimya saa ambayo fomu imefunguliwa. Nilikuwa nimeiweka sehemu hiyo mwenyewe halafu nikaisahau. Nikaifungua. Fomu zote saba zilijazwa Jumamosi jioni, ndani ya dakika 11.

Niliziona zikiingia kwa pamoja Jumamosi ile. Nikasema moyoni, mtandao wa Ihumwa huo. Programu ile huhifadhi fomu kwenye simu pasipo na mtandao, kisha huzituma mtandao ukipatikana, na hiyo ndiyo sababu mojawapo niliyoichagua. Nikalipa malipo ya wiki nikaenda kulala.

Niseme kwanza kwa nini nyumba ya mama ilikuwa na fomu. Kaka yangu yuko Muscat, anafanya kazi ghalani. Fedha za nyumba ni zake. Mara ya kwanza alipojaribu kujenga, alituma fedha kwa ndugu mmoja, akatumiwa picha za tofali kwenye WhatsApp. Zililipiwa tofali 2,000. Tulipokwenda kuhesabu zilikuwa 1,400 na kidogo, na zile zilizokuwepo ukiishika moja kwa pembeni inakubakia mkononi. Kila fundi anajua hesabu yake: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 25 au 30 za inchi sita, umejenga, ukitoa 50, umejidanganya. Kaka hakugombana na mtu. Alinipigia akasema, “Mdogo wangu, wewe si unasomea mambo haya? Basi niangalizie.”

Kweli nayasomea. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, usimamizi wa ujenzi. Darasani tulikuwa tumefundishwa habari za Procore, programu ya Marekani inayotumiwa na makampuni makubwa kufuatilia michoro, kasoro, vibali na mawasiliano ya saiti. Asili yake ilinikaa kichwani: Tooey Courtemanche alikuwa akiishi Silicon Valley huku nyumba yake ikijengwa Santa Barbara, hajui nani kafika kazini na nani hakufika, akatengeneza programu ya kumaliza tabu hiyo. Kampuni ilianzishwa mwaka 2002. Nilipomsimulia kaka alicheka. “Kumbe na wao wanaibiwa tofali.”

Sisi hatukuwa na uwezo wa kununua Procore. Nikatengeneza fomu nne za bure: msingi, kuta, lenta, paa. Kila hatua ina maswali ya ndiyo na hapana, kila swali lina picha, na picha isipowekwa fomu haitumiki. Nikamwekea kijana wa fundi programu kwenye simu yake, nikamfundisha kwa saa moja chini ya mkwaju. Halafu nikatoa masharti mawili. La kwanza: malipo ya kila Jumamosi hayatoki mpaka fomu za wiki zikamilike. La pili: mawasiliano yote ya kazi yapite kwenye fomu, si WhatsApp, kwa sababu fundi mkuu alikuwa na tabia ya kutuma sauti za dakika tatu, nusu yake salamu na upepo.

Mwanzoni mambo yalinyooka mpaka nikaanza kujiona. Kwenye msingi, picha ilinionyesha nondo zimelala juu ya udongo, hakuna biskuti, yaani vile vipande vidogo vya zege vinavyoziinua ili zege lizifunike pande zote. Nikapiga simu, kazi ikasimama, biskuti zikawekwa, ndipo zege likamwagwa. Mimi niko umbali wa kilomita zaidi ya 400! Kaka alinitumia emoji za makofi mstari mzima. Msimamizi wangu wa utafiti alisema hii inaweza kuwa tasnifu, na nikaanza kuandika sura ya kwanza.

Ndiyo maana kuku yule aliniumiza. Usiku nilimwandikia fundi ujumbe mkali, nikaufuta, nikakata tiketi ya treni ya umeme. Siku hizi Dar hadi Dodoma ni chini ya saa nne, muda wa kutosha wa kupanga maneno ya kumwambia mtu.

Ilikuwa Septemba. Anayeijua Dodoma ya Septemba anajua: jua, vumbi, na upepo unaokausha hata mate mdomoni. Zege halikauki kama nguo kisha likawa gumu. Linakuwa gumu kwa sababu saruji na maji vinashikana, polepole, siku hadi siku. Ukilinyima maji wiki ya kwanza, sehemu ya saruji inabaki vumbi tu lililovaa sura ya jiwe. Angalau siku saba za kumwagilia, na kipimo cha nguvu zake husubiriwa hadi siku ya 28. Hayo nilikuwa nimeyaandika kwa herufi nzito juu ya fomu.

Nilimkuta fundi amekaa juu ya ndoo, ananyoosha misumari iliyopinda.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuiona lenta.”

Hakusubiri niseme. Alichukua msumari, akapanda ngazi, akaukwaruza upande wa magharibi. Unga ukamwagika kama unatoka kinuni. Akaenda upande wa mashariki, penye kivuli cha mkwaju. Pale msumari uliteleza tu. Akashuka.

“Nilikwambia,” akasema.

Nilimjibu kwamba hakuniambia kitu, fomu zote zimesema ndiyo. Alitoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akanipa nishike. Kwenye WhatsApp, chini ya jina langu, kulikuwa na sauti tano. Nikatoa simu yangu. Zilikuwepo, zote tano, zina alama ya kutosikilizwa. Nilikuwa nimenyamazisha ujumbe wake tangu Julai.

Tukazisikiliza palepale, tumesimama. Ya Jumapili: “Mwanangu, habari za masomo. Huku bomba limekata maji tangu alfajiri. Nimeuliza boza, wanataka elfu sitini. Sina. Sema neno.” Ya Jumatatu ilikuwa hivyohivyo, fupi zaidi. Ya Jumatano hakusalimia. Ya Alhamisi alisema tu, “Lenta inapauka, mwanangu.” Ya Ijumaa ilikuwa sekunde nne, upepo mtupu, nadhani alibonyeza akakosa la kusema.

Elfu sitini. Wiki ile nilitumia zaidi ya hapo kuchapisha na kubandika jalada la rasimu ya tasnifu ambayo hakuna aliyeniagiza kuibandika jalada.

Nilimwita yule kijana. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, macho chini. Nikamuuliza kwa nini alituma picha.

“Dada, fomu ilikuwa haiendi bila picha. Na ulisema bila fomu hakuna hela ya Jumamosi. Saidia wako watatu, wana watoto.”

“Si ungejaza hapana?”

“Nilijaza hapana Jumapili. Ikaniambia niweke picha ya maji. Maji hayapo, ningeyapiga picha wapi? Nikaifuta.”

Nilifungua fomu yangu kwenye simu, nikabonyeza “Hapana” kama yeye. Ni kweli. Nilikuwa nimeyafunga majibu yote mawili kwenye picha ileile. Sehemu ya maoni ilikuwa mwisho kabisa, na humfikii maoni mpaka picha iwepo. Mtu asiye na maji hakuwa na mahali pa kupita. Mlango mmoja tu uliokuwa wazi ni ule wa uongo, na mimi ndiye niliyeujenga, kwa kipimo na pima maji.

“Sasa maji ya kwenye picha mliyatoa wapi?”

Kijana akamtazama mama.

Mama alikuwa mlangoni pa kibanda cha bati anamoishi tangu ujenzi uanze, ametulia, khanga begani. Madumu mawili yalikuwa yake, ya kunywa na kupikia. Aliyatoa Jumamosi ile ili vijana walipwe. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu wiki nzima, wakati tunaongea kila siku usiku.

“Fundi alisema ameshakwambia,” akasema. “Nikajua una hesabu zako. Mimi niingilie mambo ya wasomi nikiwa nani?”

Kwenye mazungumzo yetu ya usiku nilikuwa namuuliza amekula nini, mguu unaendeleaje. Sikumbuki kumuuliza nyumba inaendeleaje. Ya nyumba nilikuwa nayasoma kwenye jedwali.

Kesho yake nilirudi Dar, nikaazima nyundo ya Schmidt maabara. Ni chombo kinachogonga uso wa zege na kusoma jinsi kinavyodunda; hakisemi kila kitu, lakini kinatofautisha. Nikapanda treni tena. Upande wa mashariki ulisomeka vizuri, upande wa magharibi ulisomeka kama biskuti, si zile za saiti, zile za chai. Mhadhiri wangu aliangalia namba na picha akasema mita sita za magharibi zivunjwe zimwagwe upya, na zilizobaki zimwagiliwe hata kama tumechelewa.

Ikabaki kumwambia kaka. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Nilisubiri amalize zamu. Nilikuwa na namna mbili za kulisema. Ya kwanza ingeanza na kuku na dakika 11, na kila neno lake lingekuwa kweli, na fundi angefukuzwa kabla simu haijakatwa. Nilianza na sauti tano.

Alinyamaza muda mrefu. Nyuma yake nilisikia forklifti ikirudi kinyumenyume, ile milio yake.

“Kwa hiyo fundi abaki,” alisema hatimaye. Hakuwa anauliza.

“Abaki.”

“Na mita sita?”

Nikamwambia zangu. Nililipa kwa sehemu ya fedha za utafiti, nikala ugali na dagaa hadi Novemba. Tasnifu bado naiandika. Sura ya kwanza nimeifuta yote.

Fomu zipo. Nimeondoa sharti la picha kwenye “Hapana”, na malipo hayafungwi tena na fomu. Swali la kwanza sasa halina ndiyo wala hapana: “Leo kuna nini kinachokwamisha kazi?” Jibu lake ni kwa sauti, kwa sababu programu ile hupokea sauti pia, jambo nililolijua tangu mwanzo. Fundi anajirekodi mwenyewe. Nimeacha kulalamikia salamu.

Ya juzi ni ya sekunde 48. Kumi za kwanza ni upepo. Kisha mama anasikika kwa mbali akiuliza kama wameshakunywa uji. Halafu yeye: “Mwanangu, leo maji yapo. Ila mbao za kenchi zimeletwa mbichi, ukizishika zina maji, zitapinda bati likiwa juu. Yule muuzaji anasema umeshakubali. Usimlipe kwanza.”

Sikumlipa.