Babu na hesabu zake za Kijava

Wale mnaodhani kwamba ukishapendana na mtoto wa watu kinachobaki ni mahari tu, sikilizeni haya ya kwangu. Mimi ni kijana wa Tanga, niko Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, kwa masomo, na huku ndiko moyo uliponasa. Binti radhi, baba yake hana neno, mama yake ananipakulia wali kila nikienda. Kizingiti kikatokea kwa babu. Mzee wa watu hakuniuliza kabila wala kazi. Aliuliza nimezaliwa lini.

Nikamtajia: Machi 4, 1995. Akafungua kitabu chake kilichochakaa, wenyewe hukiita primbon, akahesabu kwa vidole, halafu akakifunga taratibu. Jamani, kile kimya!

Iko hivi. Wajava wana juma la siku saba kama sisi, na majina yenyewe ni ndugu wa yetu: Alhamisi ni Kemis, Ijumaa ni Jemuwah. Lakini wana na juma jingine la siku tano, la masoko: Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon. Majuma hayo yanakwenda sambamba, hivyo jozi moja hurudi kila baada ya siku 35. Jozi uliyozaliwa nayo ndiyo weton yako. Hata Sultan Agung wa Mataram alipounganisha kalenda ya Saka na miezi ya Kiislamu mwaka 1633, siku za soko zilibaki humo humo.

Sasa kila siku ina namba yake. Jumamosi ni 9, Pahing ni 9, mimi nikawa 18. Mwenzangu ni wa Jumapili Wage, 5 na 4, jumla 9. Zetu pamoja 27. Toa tisa tisa, haibaki kitu. Hiyo wanaiita Pegat, yaani kuachana. Na kama vile haitoshi, eti Wage na Pahing hawaoani asilani.

Msicheke. Pwani kwetu wapo wanaohesabu herufi za majina ya wachumba kuangalia kama nyota zinapatana, na shangazi yangu mmoja alivunjiwa uchumba kwa hesabu hizo hizo. Kwa hiyo sikumwona babu mshamba. Nilimwogopa. Mwenzangu alilia usiku kucha, akasema hawezi kuolewa huku babu ana kinyongo. Nilimwelewa, ingawa iliniuma.

Siku ya tatu babu akaniita. "Ulizaliwa saa ngapi?" Kwao siku mpya huanza jua likizama, si saa sita ya usiku. Nikaduwaa, maana hiyo ndiyo hesabu yetu: usiku wa Jumapili kwa Mswahili ni ule wa kuamkia Jumapili. Cheti changu kina tarehe tu, saa hakina.

Nikampigia mama, nikamweleza mkasa wote. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, ulizaliwa usiku, watu washasali isha. Zilikuwa siku za Idi."

Basi bwana, Jumamosi Pahing kwaheri! Nikawa wa Jumapili Pon: 5 na 7, jumla 12. Ongeza 9 za mwenzangu, 21. Toa tisa tisa, zinabaki 3. Hiyo ni Jodoh, wameumbiwa kuoana. Babu alicheka mpaka akakohoa.

Ila dada yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 10 wakati huo, anashikilia kwamba nilizaliwa alasiri na yeye ndiye aliyetumwa kumwita bibi. Nilipomgusia mama, alinijia juu: "Aliyekuzaa ni nani, mimi au dada yako?" Sijauliza tena.

Harusi ni Mfunguo Tatu, wao huuita Besar. Ukiupitisha huo unaingia Suro, Mfunguo Nne yetu, na humo Wajava wengi hawathubutu kuoza. Siku yenyewe babu bado anaitafuta kitabuni. Mama ameshaanza kuulizia nauli ya ndege.