Vitufe vya F na Vidole vya Mama Mdogo

Mashoga zetu, kuna jambo ambalo mwenye kununua kompyuta mpakato mpya haambiwi dukani. Anaambiwa memori, anaambiwa betri inakaa saa ngapi, anaonyeshwa na rangi zake. Haambiwi kwamba ile safu ya juu ya kibodi, F1 mpaka F12, huenda isifanye kazi aliyoizoea. Unabonyeza F2, sauti inapungua. Unabonyeza F5, kioo kinaingia giza. Na kwa kuwa siku hizi kompyuta nayo inaingia kwenye sanduku la bi harusi, tumeona tulisemee.

Vitufe hivi ni vya zamani. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa navyo 10, vimepangwa ubavuni kushoto. Miaka michache baadaye vikahamishiwa juu, vikawa 12. Kazi yao ilikuwa moja tu, kuamrisha programu. Zilipokuja kompyuta za kupakata, nafasi ikawa finyu, basi kila kitufe kikapewa kazi mbili: ile ya F, na ile ya kipicha kilichochorwa juu yake, kama spika au jua. Kitufe cha Fn kule chini ndicho kinachochagua. Kwenye mashine nyingi za zamani F ilitangulia, na ukitaka sauti unashika Fn. Nyingi za sasa zimegeuzwa: picha inatangulia, na anayeitaka F ndiye ashike Fn. Watengenezaji hatuwalaumu sana, maana wanaopunguza mwangaza ni wengi kuliko wanaoijua F7 ina kazi gani. Lakini kikaratasi kimoja ndani ya boksi kingewagharimu nini?

Kwa anayetazama mawaidha na filamu, hapana hasara. Sisi tunaandaa harusi. Hina na piko, nguo za kukodi, mapambo, yote hesabu zake zimo kwenye Excel, na mwenye kuzishika ni mama mdogo. Kwenye Excel, F2 inakufungulia kisanduku urekebishe kilichomo bila ya kukifuta. F4, ukiwa unaandika fomula, inakifunga kisanduku kwa alama za dola ili kisihame. Hii ya pili kwetu ni roho ya kazi. Tuna maharusi walioko Maskati na London wanaoleta arubuni kwa riali na pauni. Bei ya kubadilishia fedha tunaiandika pahala pamoja, juu kabisa, na kila mstari unatakiwa uitazame hiyo hiyo. Usipoifunga, ukiivuta fomula kwenda chini mstari wa pili unatazama kisanduku kilichofuata, na bi harusi anaandikiwa sifuri au deni lisilo lake. Mama mdogo miaka yote haya anayafanya bila kuitazama kibodi. Macho yako kwenye risiti, vidole vinakwenda vyenyewe.

Mashine mpya ikaingia Mfunguo Mosi, harusi zimepandana. Akibonyeza F4, maikrofoni inazimwa. Akibonyeza F2, sauti inashuka. Angekasirika tungecheka naye, lakini hakukasirika. Alivua miwani akasema, "Wanangu, mie nshazeeka. Shikeni nyinyi." Akaifunga. Siku tatu akawa anaandika kwa kalamu kwenye kaunta buku, na sisi tuliobaki na kompyuta hatujui nani kamaliza, nani kaomba muda, na nani mamake kafiwa asidaiwe kwa sasa. Hayo hayamo kwenye Excel, yamo kichwani mwake. Tuliona wazi kwamba tunakaribia kumpoteza mshika hesabu wetu kwa sababu ya mpangilio wa kiwandani, naye anaamini kosa ni umri wake.

Dawa yenyewe ilichukua sekunde moja. Tazama kitufe cha Esc. Kikiwa na alama ndogo ya kufuli au neno FnLock, shika Fn na Esc pamoja. Safu yote inageuka, F zinatangulia. Ukirudia, inarudi ilivyokuwa. Kama hakuna alama hiyo, mpangilio huwa uko ndani zaidi, unaingia wakati mashine inawaka, kwa F2 au F10 kulingana na aina. Kwenye HP nyingi utakuta maneno Action Keys Mode, kwenye Lenovo nyingi Hotkey Mode. Zima, hifadhi, toka, na mengine ya humo usiyaguse. Wenye Mac hawana haja ya kuzima chochote: wanaingia kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya Function Keys, wanawasha F1, F2 na wenzake vitumike kama vitufe vya kawaida.

Tulipomwita mama mdogo akabonyeza F4 mara moja, akaziona dola zake, akasema tu "Kumbe." Akavuta kiti.

Ikabaki mdogo wetu, anayekata video za harusi, ambaye yeye anataka sauti na mwangaza bila kushika Fn. Ubishi ulikuwepo. Tukaamua mashine ibaki ya mama mdogo, na binti ashike Fn. Kidole cha miaka ishirini kinajifunza kwa wiki moja. Kwa nini tukisumbue kilichokwisha kujua?

Kuzoea kwenyewe hakukwisha siku ile. Kibodi kubwa ya zamani ilikuwa na mwanya baada ya F4 na baada ya F8, kidole kinapapasa kinajua kilipo. Hii vitufe vimebanana, vidogo kama kokwa za tende. Tukatia tone moja la rangi ya kucha juu ya F4 (chupa yenyewe inakaa tu, kwa ajili ya udhu), likakauka likawa kijipele anachokihisi. Mpaka sasa halijabanduka.

Iliyobaki ni Insert. Mama mdogo hubandika maandishi kwa Shift na Insert, mtindo wa zamani, na kwenye kibodi hii Insert hatujaiona iko wapi.