Utange: Ardhi Ina Wenyewe

Msafiri atokaye Mombasa mjini huvuka daraja la Nyali, akapita Bamburi penye kiwanda cha saruji, kisha akaiacha barabara kuu ya Malindi na kugeukia mkono wa kushoto, upande wa bara. Huko ndiko Utange. Bahari na hoteli zake hubaki nyuma. Mbele huonekana minazi, mikanju na miembe, na kati yake nyumba za mawe, za udongo na za mabati, ambazo kila mwaka huzidi kukaribiana. Watu wazima wa hapa wanaikumbuka kambi ya wakimbizi kutoka Somalia iliyokuwako miaka ya 1990. Wengi wamepita katika mchanga huu, na kila apitaye huangusha kitu: ufunguo, msumari, sarafu, pengine pete.

Sisi tulikwenda Utange kwa ajili ya bangili. Shangazi yetu aliipoteza uani, usiku wa kupika biriani ya harusi, na ilikuwa dhahabu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Siku tatu wanawake walichekecha majivu na mchanga wasiione. Ndipo mpwa wetu mmoja, aliyerudi likizo kutoka Dubai, akaja na mashine ya kutambua metali: fimbo yenye sahani chini yake, iliayo inapopita juu ya chuma, shaba au dhahabu. Ni jamaa ya kile kifaa ambacho askari hutupitishia mwilini milangoni mwa maduka makubwa.

Kijana alitaka kuanza papo hapo. Shangazi akamzuia. "Mwanangu, nyumba ni yangu, ardhi si yangu."

Maneno hayo yanahitaji kufafanuliwa kwa asiyeishi Mombasa. Hapa kwetu mtu huweza kumiliki nyumba bila ya kumiliki kiwanja. Hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye hati, naye mwenye hati huenda akawa mjini au ng'ambo. Mti nao huweza kuwa na mwenyewe mwingine, aliyeupanda au aliyeurithi. Mambo haya yana mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa pwani kuwasilisha madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na wengi waliokuwa wakilima na kuzika humo wakabaki bila karatasi. Kwa hiyo ukiuliza Utange, "Nimwombe nani ruhusa?", jibu huwa zaidi ya mtu mmoja.

Mashine yenyewe ilikwisha kuzua maneno. Majirani walipomwona kijana mgeni ana kifaa mkononi walisimama vibarazani, na mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mmetumwa na nani?" Hatukumlaumu. Mtu mwenye chombo cha kupimia aingiapo katika mashamba ya Kisauni, wakaao bila hati hufikiria kwanza mpima ardhi, na baada yake tingatinga. Wengine huwadhania wezi wa vyuma chakavu. Shangazi alipita nyumba kwa nyumba akieleza habari ya bangili yake, na nyuso zikakunjuka.

Kisha tukampigia simu mwenye ardhi. Hakukataa, ila aliuliza maswali matatu: mtachimba wapi, kina gani, na mkipata kisichokuwa bangili itakuwaje? Tukakubaliana kwamba tutachimba uani tu, shimo lisipite kina cha shubiri mbili, kila shimo lifukiwe siku ile ile, na chochote kingine aonyeshwe yeye. Mpwa wetu akayaandika hayo katika ujumbe wa simu, naye akajibu kwa maandishi kuwa ameridhika.

Kwa saa nzima zilitoka misumari, vifuniko vya soda, na senti kumi ya zamani ya 1952, ile yenye tundu katikati. Halafu mashine ikalia karibu na mwembe, pale maji ya kuoshea masufuria yalipomwagwa. Hapo ni upande wa jirani. Tukasimama tena, tukabisha hodi. Bibi mwenye mwembe akasema, "Chimbeni, lakini mizizi yangu msiiguse." Shubiri moja chini, katika tope lililokauka, bangili ilikuwapo. Picha ya ile senti tulimpelekea mwenye ardhi, naye akasema wapewe watoto.

Si kila kipatikanacho hugawanywa kwa wepesi huo. Sheria ya Kenya ya kuzuia kuingia ardhi ya mtu hutaka idhini ya mkaaji, kwa hiyo hata mwenye hati asidhani neno lake peke yake latosha. Na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 yahesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895. Vikiwa ardhini ni mali ya serikali, kuvitafuta kunahitaji leseni, na avionaye kwa bahati hupaswa kuwaarifu Makumbusho ndani ya siku saba. Sababu yake ni nzito. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kupatikana katika kisiwa cha Manda, Lamu, sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Sarafu kama hiyo ikichimbuliwa na mwenye haraka na kuuzwa, habari ya pale ilipolala hupotea nayo.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi nao walipambanua zamani. Rikazi, yaani hazina iliyozikwa kabla ya Uislamu, ina zaka yake ya khumusi, sehemu moja katika tano; lakini ikiwa katika ardhi ya mtu, mwenye ardhi hutangulia kuulizwa, na akiikana huulizwa aliyemwuzia. Chenye alama ya Kiislamu ni kiokotwa, hutangazwa ili mwenyewe apatikane. Na Sura ya An-Nur yatufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu.

Basi, dada zetu, mkipotewa na kidani shambani na kijana akaja na mashine yake, mwulizeni kwanza kama amekwisha kumwona akaaye, mwenye ardhi, na mwenye mti. Palipo na kaburi, hata likiwa halina jiwe, asiwashe. Mapatano ya kitakachopatikana yafanywe kabla ya jembe kugusa mchanga, maana dhahabu ikishaonekana, maneno huwa mengi. Na jioni, kabla ya kuondoka, mashimo yote yafukiwe, watoto wasije wakavunjika miguu.