Mtito Andei: Nusu ya Njia, na Vita vya Nzi wa Maembe

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa afikapo Mtito Andei huwa amekwisha kumaliza karibu nusu ya safari yake. Jina hilo ni la Kikamba, na maana yake ni msitu wa tumbusi. Hapo pana lango la mbuga ya Tsavo Magharibi. Tena pana mikahawa mingi ambamo madereva hupumzika na kunywa chai.

Malori mengine yapitayo hapo huchukua chai yenyewe, kutoka Kericho na Limuru kwenda Mombasa, ambako mnada wake hufanyika tangu mwaka 1969. Chai hiyo hulimwa nyanda za juu, penye baridi na mvua, na kwa kawaida wakulima wake hawainyunyizii dawa ya wadudu. Jambo hilo ni la kheri, kwa maana jani la chai huchumwa kila wiki moja au mbili, na halioshwi kiwandani. Dawa iliyobaki juu yake ingeweza kufika kikombeni.

Lakini mkulima wa Mtito Andei na Kibwezi hukaa katika joto, na joto ni rafiki wa wadudu. Adui wa maembe yake ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Hasara yake si ndogo: mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyo, na biashara hiyo haikuanza tena ila mwaka 2021.

Nzi jike hutoboa ganda la embe akataga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda mpaka lianguke, kisha huingia udongoni na kugeuka kuwa nzi. Kwa hiyo mtu anayelowesha mwembe mzima kwa dawa hupoteza fedha zake, kwani dawa haiwafikii funza waliomo ndani. Watakaokufa ni nyuki, nao ndio wachavushao maua na kuwapa watu wa Kibwezi asali.

Iko njia iliyo bora. Nzi jike huhitaji protini kabla ya kutaga. Basi chambo cha protini huchanganywa na dawa kidogo, kikanyunyizwa mahali pamoja tu pa mwembe, kama mita moja ya mraba, juu ya majani wala si juu ya matunda. Nzi dume nao hunaswa kwa mitego yenye harufu iwavutayo. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila mara, yafukiwe katika shimo refu la nusu mita au zaidi, au yafungwe katika nailoni nyeusi na kuachwa juani mpaka funza wafe.

Hata hivyo, bidii ya mtu mmoja haitoshi. Nzi hajui mpaka wa shamba, na maembe yaozayo kwa jirani mvivu huzaa nzi wa kijiji kizima. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wakulima wa kijiji na wapange siku moja ya kuokota na kutega, wote pamoja, kabla maembe hayajaanza kuiva.