Nguma ndani ya pipa: nafasi gani inamtosha?

Kisangani, chatu akikamatwa mzima, yule ambaye wengi hapa wanamwita nguma, si kila mara anauawa siku hiyohiyo. Anatiwa ndani ya gunia, ndani ya pipa, au ndani ya bidoni kubwa iliyokatwa mdomo, kisha ubao na jiwe juu. Wengine wanangoja mnunuzi wa nyama ya pori. Wengine, hasa vijana, wanamzoea: wanamletea panya, wanamwonyesha kwa watoto wa parsele, na baada ya juma mbili wanasema ni nyoka wao. Wakiulizwa kama pipa si dogo, jibu ni moja: «Nyoka anajikunja. Nafasi ya nini?»

Jibu hilo si la wajinga. Hata Ulaya, ambako watu wengi wanafuga nyoka nyumbani, masanduku mafupi kuliko nyoka mwenyewe yametumika miaka mingi kwa sababu hiyohiyo. Lakini chatu wa Afrika mara nyingi anafika mita 3 au 4, na wapo wanaokaribia 5. Anajikunja akilala, akisikia baridi, akiogopa, au akilinda mayai. Akitaka kutembea, kupanda mti au kuogelea, anajinyoosha. Tena mwili wake unategemea joto la nje. Lazima achague mwenyewe: jua kidogo, kisha kivuli, kisha maji. Ndani ya pipa la chuma saa sita mchana hana cha kuchagua, na anaweza kufa kwa joto huku watu wanasema ametulia.

Nyoka halii, na shida iko hapo. Mbuzi akifungwa vibaya, mtaa mzima unasikia. Chatu anasugua pua kwenye ukuta mpaka ngozi inachubuka, kinywa kinaota vidonda, anakataa chakula. (Alama hii ya mwisho peke yake haitoshi, maana hata chatu mwenye afya anaweza kukaa majuma mengi bila kula.)

Kipimo kinachotumiwa Ujerumani ni rahisi kukumbuka: urefu wa kizimba usipungue urefu wa nyoka, na upana usipungue nusu yake. Basi chatu wa mita 3 anahitaji mita 3 kwa mita 1 na nusu, yaani mita za mraba 4.5. Na hicho ni kiwango cha chini.

Familia zilizokimbia vita zitasikia hesabu hiyo kwa namna yao. Kanuni za kimataifa za misaada, zinazoitwa Sphere, zinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 chini ya paa, bila kuhesabu mahali pa kupikia na pa kuogea. Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, watu wengi wamelala ndani ya madarasa, ndani ya makanisa, chini ya turubai, ao kwa ndugu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kikilaza watu sita, kila mmoja anabaki na mita moja na nusu. Mama anakunja miguu ili mtoto wa nne anyooshe yake. Mgeni akifika asubuhi anakuta mikeka imekunjwa, watoto wamenyamaza, anaandika kwamba hali ni nzuri. Mtu si nyoka, na si heshima kuwalinganisha. Jicho linalokosea ndilo lilelile. Ila mama huyo ana mdomo, na angesema yote kama mgeni angekaa chini na kumuuliza usiku amelala namna gani.

Kasuku wa kijivu wa misitu yetu ana bahati kidogo kuliko chatu, kwa kuwa anapiga kelele na anajing'oa manyoya, hata asiyejua sheria anaona ameudhika. Biashara yake ya kimataifa, kwa ndege waliokamatwa porini, imekatazwa tangu Januari 2017. Chatu naye hawezi kuvushwa mpaka bila kibali, lakini ni nani anayemhurumia?

Kwa aliye na chatu kwenye parsele leo: amsogeze kivulini, amwekee beseni la maji lisilopinduka, atoboe ubao hewa ipite, na watoto wanawe mikono kila wakimgusa. Kisha awaite watu wa ICCN ao wa mazingira. Asimpeleke usiku kumwachilia nyuma ya hema za waliokimbia, eti kule kuna majani. Chatu wa mita 3 anameza kuku na mwana-mbuzi, na kwa familia iliyovuka mto mikono mitupu, kuku huyo mmoja ndiyo mali yote iliyobaki.