Jino Langu na Chai ya Rangi

Ndugu wasomaji, ninyi mlioniita "Bwana Majani" mwaka jana, leo nawapa maelezo yake.

Nilipokuwa kidato cha pili kiwiko cha mwenzangu kilinivunja jino la mbele katika mpira. Baba aliuza ndama akanipeleka kwa daktari wa meno Kampala, naye akalivika jino ganda jembamba la resini, jeupe kama wenziwe. Akaniambia, "Kijana, chai ya rangi, kahawa na soda, uzipunguze." Nikaitikia, "Ndiyo, Bwana Daktari," na kabla ya kupanda basi nimekwisha sahau.

Hapa shuleni nilikunywa chai vikombe vinne kwa siku, na nyakati za mtihani sikuhesabu. Hata mwaka ulipotimia, ganda lilikuwa na rangi ya kutu. Baba alipoliona wakati wa likizo nikasema kosa ni la daktari, hali nikijua si lake. Mzee hakusema neno. Akatafuta nauli ya pili, turudi kudai haki yetu.

Daktari hakukasirika. Alilisugua ganda kwa mashine, doa likapungua sana, kisha akatueleza. Resini hunyonya rangi ya chai. Ganda la kauri halinyonyi upesi (bei yake sithubutu kuitaja nyumbani), lakini gundi ya ukingoni mwake huweza kugeuka rangi. Soda nayo ina tindikali ilayo jino lenyewe kando ya ganda, na jino lililoliwa halioti tena. Kuionja kidogo kidogo mchana kutwa ni vibaya kuliko kuimaliza mara moja na kusukutua kwa maji. Tena nisipige mswaki papo hapo, ila ningoje nusu saa.

Nililostaajabia ni hili: tindikali ya fosfori iliyomo katika soda nyeusi ndiyo aliyonipaka yeye kwanza, kali zaidi, ili gundi ishike! Mmarekani Michael Buonocore ndiye aliyeonyesha njia hiyo mwaka 1955.

Baba alisikiliza yote, kofia mkononi. Njiani hakunigombeza, nami ningependa anigombeze. Jioni mama alileta birika. Baba akajimiminia, akanisogezea maji ya mtungini.

"Vikombe vingapi kwa siku?"

"Vinne, Baba."

"Na usiku?"

Nikanywa maji yangu.